Upepo Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Panga la pili la mtambo wa upepo limevunjika. Saa nne na robo asubuhi. Upepo wa ghafla kutoka mashariki, mlio kama wa meza inayopasuka, kisha panga likaruka juu ya pampu, juu ya choo, likatua kwenye matuta ya viazi ya shemeji yangu Bundala. Hakuna aliyeumia isipokuwa viazi.

Kwa kumbukumbu: mtambo wa upepo wa kitongoji chetu, hapa jirani na Bukene, niliusimamisha mimi, Sixbert Lugembe, mkuu wa stesheni mstaafu, Mwenyekiti wa Kamati ya Maji kwa miaka kumi na mmoja. Una mlingoti mmoja na mapanga matatu ya bati jembamba lililowambwa juu ya mbavu za mninga, matupu ndani ili yawe mepesi. Mtambo ukizunguka, pampu inavuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi. Usipozunguka, wanawake wanakwenda bwawani na ndoo. Mke wangu Theodora huwa wa mbele. Ana miaka sitini na mitatu. Goti lake la kushoto linalia anapoinama. Halalamiki. Afadhali angelalamika, ningemjibu.

Mkutano wa kitongoji alasiri. Bundala akasimama. Bundala ni mfuga nyuki. Hajavaa sare hata siku moja maishani mwake. Alisema upepo ni mgeni, na mgeni hapangiwi zamu. Watu wakacheka. Akasema pengine umefika wakati wa kumpumzisha Stesheni Masta. Watu wakapiga makofi! Nimepewa hadi Jumamosi tarehe 28, saa sita mchana. Tangi lijae mbele ya mkutano, la sivyo uchaguzi.

Na kiti! Kiti changu cha mninga chenye mikono miwili, nilichopewa siku ya kustaafu. Ni mimi niliyeandika katika muhtasari wa mwaka wa kwanza kwamba kiti hicho kitakaliwa na Mwenyekiti aliyepo. Sikuwa nimefikiria kwamba Mwenyekiti aliyepo anaweza kuwa mtu mwingine.

Jumatano, 11 Septemba

Nimekwenda Tabora mjini, Kanyenye, kwa mkwe wangu Wilbroad, mume wa Agnetha. Anafundisha fizikia. Nilimweleza habari ya mapanga. Hakucheka. Kijana mwenye adabu.

Alichukua rula, akabandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa nyuma, akapuliza. Kumbe huko kwenye mitambo mikubwa sasa wanaweka vibawa vidogo nyuma ya panga! Upepo ukizidi ghafla, kibawa kinainuka kidogo, upepo unateleza, mzigo unapungua. Upepo ukitulia, kibawa kinarudi mahali pake. Alisema kinachovunja panga si upepo mkubwa, ni upepo wa kushtukiza, unaokuja na kuondoka, unaokuja na kuondoka.

Nilimwelewa papo hapo. Babu yangu alikuwa mpagazi katika njia ya Ujiji, frasila mbili begani. Alikuwa akisema mzigo hauvunji mgongo kwa uzito, unavunja kwa kushtua. Kwenye mteremko mpagazi huhamisha mzigo kabla mguu haujateleza. Kabla!

Nikauliza nani anakiinua kibawa. Wilbroad akasema kuna kifaa cha kuhisi upepo, na kompyuta inaamua kwa kasi kuliko kupepesa jicho. Nikamwambia kompyuta ni karani tu, na makarani ninao. Akaanza kueleza kwa nini kasi ndiyo jambo kubwa kuliko yote. Chai ikaletwa, na maandazi. Nusu ya kwanza ya somo niliielewa kikamilifu. Nusu ya pili haikuwa ya lazima.

Ijumaa, 13 Septemba

Fundi Festo amechomelea siku mbili. Panga jipya limekamilika, na kila panga sasa lina kibawa cha bati kwenye ukingo wa nyuma, kimefungwa kwa bawaba, na nyuma ya bawaba kuna upenyo wa kupitishia waya. Waya wa breki ya baiskeli unatoka kwenye kila kibawa, unaingia katikati ya mhimili, unashuka ndani ya mlingoti hadi chini, kwenye wenzo. Wenzo ni mkono wa chuma, kama ule niliokuwa nikivuta stesheni kushusha ishara ya treni. Ukiuvuta, vibawa vyote vitatu vinainuka. Ukiuachia, vinalala. Niliuvuta mara arobaini. Niliona machozi yananilengalenga. Vumbi.

Festo aliuliza nani atajua upepo unakuja. Swali la kitoto! Treni huonekanaje kabla haijafika? Kwa mtu aliye mbele.

Nimemteua Mzee Elieza, mlinzi wa geti la reli mstaafu, mtu ambaye kwa miaka thelathini hakuruhusu hata mbuzi avuke bila utaratibu. Tumeandika kanuni kumi na saba. Hakuna upepo utakaoingia katika eneo la mtambo bila ruhusa ya njia. Elieza alisoma kanuni zote kwa sauti, akazibusu, akaweka karatasi ndani ya kofia.

Jumamosi, 14 Septemba

Jaribio la kwanza. Utaratibu ni huu. Elieza amesimama juu ya kichuguu, hatua mia tatu mashariki. Akiona majani yanainama, anapiga kengele mara mbili. Najibu mara mbili. Anauandika upepo katika daftari: namba, saa, utokako, hali yake. Anapiga filimbi kuuliza kama wenzo u tayari. Napiga filimbi kwamba u tayari. Anainua bendera nyekundu. Navuta.

Pepo kumi na moja zimepokewa leo. Zote zimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Zote zimefunguliwa vibawa bila kosa.

Kasoro moja ndogo: kila bendera ilipopanda, upepo wenyewe ulikuwa umeshafika madukani Bukene. Vibawa vilikuwa vikiinuka katika utulivu kamili, na kwa kuwa vimeinuka, mtambo ulikuwa ukisimama. Maji yaliyoingia tangini: sufuria moja.

Theodora alikuwa akipepeta mtama pembeni. Alisema kila upepo ulikuwa umeshanivua kofia kabla Elieza hajagusa kalamu. Nikamwambia kofia si chombo cha kupimia. Akaendelea kupepeta.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimepata ufumbuzi! Elieza anahitaji muda zaidi wa kuandika. Basi asogee mbali zaidi. Hatua mia nane, pale njia ya mnadani inapokata barabara.

Tatizo halikuwa kwenye upepo. Tatizo lilikuwa kwenye bendera. Elieza alipoinua bendera nyekundu, bodaboda tatu zilisimama. Zikaja baiskeli za mkaa, zikasimama. Likaja kundi la ng'ombe kutoka Ziba. Elieza akalisimamisha. Mwenye ng'ombe aliuliza wanangoja nini. Elieza akamjibu wanangoja Upepo Namba Kumi na Mbili upite. Mwenye ng'ombe akamwambia, babu, huo umenipita mimi tangu saa mbili. Elieza akasema hauna kumbukumbu ya kutoka, kwa hiyo bado umo njiani.

Saa nzima! Nilikwenda kwa miguu kuutoa upepo kwa sahihi yangu. Ng'ombe walikuwa wamekula bendera ya kijani.

Bundala alipita na baiskeli yake. Alisimama kwa adabu ya uongo, akavua kofia, akauliza kama kuna upepo wa jioni kwenda Mwanza na kama daraja la pili lina nafasi. Shemeji ana haki ya utani. Sheria haisemi anaweza kuutumia mara ngapi kwa siku. Ni upungufu wa sheria.

Jumanne, 17 Septemba

Siku mbaya. Naandika kwa utulivu.

Upepo Namba Kumi na Tatu ulipita vizuri, yaani ulipita. Saa saba na dakika ishirini nikaona kisulisuli cha vumbi, chekundu, kirefu kama mnara, kinakuja kutoka magharibi. Magharibi! Nyuma ya mgongo wa Elieza, mbele ya macho yangu. Mkono wangu ulikuwa juu ya wenzo. Ningeweza kuuvuta. Lakini Kanuni ya Tisa inasema wenzo hauvutwi bila bendera, na Kanuni ya Tisa niliiandika mimi. Nikapiga kengele. Elieza akajibu kwamba upande wake kumetulia. Nikapiga filimbi. Akajibu kwamba yeye ni wa mashariki.

Theodora, kutoka jikoni, alisema: "Vuta, Baba Agnetha!"

Sikuvuta. Mtu hawezi kuendesha njia kwa kelele za jikoni. Panga moja limepinda kama ndizi. Kofia yangu haijapatikana.

Tumeuandika hivi: Upepo Namba Kumi na Nne. Umetoka magharibi. Umeingia bila ruhusa. Kosa ni la upepo.

Elieza alitaka tuandike barua ya onyo. Tulijadili anuani kwa muda mrefu.

Alhamisi, 19 Septemba

Jana Festo alinyoosha panga. Leo nimekwenda Nzega kutafuta daftari kubwa zaidi, lenye safu ya upande wa magharibi. Nimefunga wenzo kwa kamba, nimemwambia Elieza apumzike, nimemwambia Theodora asiguse kitu.

Nimerudi saa kumi. Foleni ya ndoo kwenye bomba! Wanawake wanacheka. Nikapanda ngazi, nikagonga tangi. Nusu ya chini ililia bubu. Maji. Tangi nusu! Niliteremka, nikafikiri Elieza amefanya kazi peke yake.

Si Elieza. Theodora alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, chini ya mlingoti, anapepeta mtama. Ile kamba ya wenzo ameifunga kwenye dole gumba la mguu wa kulia. Upepo unapokuja, ungo unainama upande, na mguu unakwenda nao. Upepo ukitulia, ungo unarudi, mguu unarudi. Hakuangalia juu hata mara moja. Alikuwa akizungumza na jirani habari za arusi. Mapanga yalikuwa yakizunguka laini, bila kutikisika, kama saa ya ukutani.

Niliomba daftari. Halina hata mstari mmoja! Nikauliza ni pepo ngapi zimepita. Akasema zilizokuja zilikuja. Nikauliza amejuaje kila upepo kabla ya kufika. Akasema: shingoni. Shingo inapoa kwanza. Nikauliza shingo iko katika kanuni ipi. Akasema baba yake alimfundisha kupepeta akiwa na miaka sita na hakumpa kanuni, alimpa ungo.

Nimeeleza kwa upole kwamba maji hayo yamepatikana kinyume cha utaratibu. Nimewaomba wanawake wasubiri niyaandike. Hawakusubiri.

Bundala naye alikuwepo, na ndoo. Alisema, shemeji, kumbe kompyuta yako umeioa tangu zamani.

Sikuielewa kauli hiyo na sina nia ya kuielewa.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimempa mke wangu barua ya kumwondoa kwenye wenzo. Nakala kwa Elieza, nakala kwa jalada. Lugha ya heshima. Nimemshukuru kwa utumishi wake wa siku moja. Aliisoma, akaifunikia chungu cha maharage, kwa kuwa mfuniko umepotea. Leo asubuhi amekwenda bwawani na ndoo. Nilimwambia tangi bado lina maji ya kutosha. Akasema hayo hayajaandikwa, hawezi kunywa maji haramu.

Mtambo nimeusimamisha kwa wiki moja. Sababu: Elieza anajifunza safu ya magharibi kwa pepo saba za mazoezi, na bawaba za vibawa zinapiga kelele kama nguruwe. Festo alitaka kupaka grisi. Grisi! Ya kunyonya vumbi lote la Unyamwezi na kudondokea vichwa vya wajumbe! Nimeamua kutumia nta ya nyuki. Safi, ya nyumbani, ina harufu nzuri. Festo aliipasha moto nikaimimina mwenyewe kwenye bawaba na kupitia ule upenyo, mpaka ndani kabisa ya mapanga, ili kila kitu kiteleze.

Festo alikuwa akijikuna kichwa. Alisema kwao Sikonge watu wakipaka nta ndani ya gogo tupu na kulitundika juu huwa wana nia maalumu. Nikamwambia hili si gogo, ni bati.

Theodora alirudi na ndoo, akanusa, akauliza kama nimefikiri. Yeye na Bundala ni watoto wa mfuga nyuki. Ukoo mzima unaona mizinga kila mahali.

Jioni Bundala akaja mwenyewe. Bila utani safari hii. Alisimama mbali kidogo, akasema, shemeji, nakusihi, ioshe ile nta kwa maji ya moto, huu ndio msimu. Anasihi! Nilimwona mpaka moyoni. Anajua kwamba kwa nta vibawa vyangu vitateleza, tangi litajaa, na kiti hatakipata. Nikamshukuru, nikaongeza nta.

Jumapili, 22 Septemba

Kanisani. Mahubiri juu ya unyenyekevu. Niliwatazama waliohusika.

Baada ya ibada nilikagua mtambo. Nyuki watano, sita, wanazunguka kwenye ncha ya panga la chini, wanaingia, wanatoka, wanaondoka. Wadudu wa nidhamu. Nimelichukulia kuwa dalili njema.

Jumatano, 25 Septemba

Jambo la ajabu na la kutia moyo! Mtambo umefungwa kamba, hakuna upepo, na bado unaunguruma. Nimeweka sikio kwenye mlingoti. Mngurumo mzito, wa mfululizo, kutoka ndani ya mapanga. Ni nguvu! Imejikusanya! Sikuwahi kusoma popote kwamba panga lenye vibawa huhifadhi umeme, lakini si kila jambo limesomwa.

Nilimpigia simu Wilbroad. Aliuliza mara mbili kama nina hakika kwamba mtambo umesimama. Akaniuliza taratibu, Baba, mngurumo huo unaongezeka mchana wa jua? Nikasema ndiyo, hasa! Akaomba kuzungumza na Mama. Walizungumza kwa muda. Theodora alikuwa akisema, najua, mwanangu. Najua. Yeye mwache.

Kijana amezidiwa na ugunduzi.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika kwa jicho moja. Jingine limefunga.

Saa tano na nusu watu wote walikuwa wamefika. Mabenchi yalipangwa. Kiti changu mbele, nimekifuta kwa nta iliyobaki. Bundala alikuja na sanduku lililofunikwa kitambaa na mwenge wa majani makavu. Nilimwuliza kwa nini. Akasema amepita tu. Theodora alikuja amejifunga kanga mbili kichwani, mpaka machoni. Nikadhani ni mafua.

Nilihutubu dakika ishirini. Nilieleza habari za babu yangu, njia ya Ujiji, mzigo usioshtua. Nikawaambia wasikilize mngurumo. Wakasikiliza. Safu ya nyuma ilianza kuondoka. Nikawaonya kwamba watakosa historia.

Saa sita kasoro dakika kumi. Elieza, juu ya kichuguu, kengele mbili. Nikajibu mbili. Akaandika. Filimbi. Filimbi. Bendera! Nikafungua kamba na kuvuta wenzo kwa nguvu zangu zote.

Vibawa viliinuka. Kwa ulaini! Nta ilifanya kazi yake. Upenyo wa kila panga ukafunguka kama mlango wa kanisa, na waumini wakatoka.

Sitaeleza kwa kirefu. Weusi, wengi, na kila mmoja na neno lake. Nilisimama kwenye wenzo kwa muda unaostahili cheo changu, labda sekunde tatu. Mabenchi yalibaki matupu. Mjumbe mmoja aliingia ndani ya ndoo kichwa kikitangulia. Wengine walikimbilia darasani, katika shule ya jirani, wakafunga milango. Mimi nilikimbilia upande wa mashariki, jambo ambalo lilikuwa kosa, kwa kuwa nilimpitia Elieza na nyuki wangu wote.

Elieza hakukimbia. Kanuni ya Pili: mlinzi haondoki kituoni bila kupokewa kwa maandishi. Alisimama juu ya kichuguu, bendera juu, akivimba. Nilimwandikia ruhusa nikiwa mbioni. Aliisoma. Akasema haina tarehe.

Ni Bundala aliyetutoa. Alikuja polepole na moshi wake, akiimba kitu kwa Kinyamwezi, kana kwamba anawabembeleza watoto. Alimshika Elieza mkono mmoja, mimi mkono mwingine. Hakusema neno lolote la utani. Lilikuwa tusi kubwa kuliko yote.

Katika daftari, kwa mwandiko wa Elieza uliotetemeka: Upepo Namba Ishirini na Mbili. Umetoka ndani. Hali: wenye mwiba.

Saa sita ilipita. Tangi halikujaa. Uchaguzi ulifanyika darasani, dirisha limefungwa. Walimtaja Bundala. Bundala akakataa! Akasema yeye ni mtu wa nyuki, maji hayajui, na kwamba katika mwezi mzima tangi hili lilipata maji siku moja tu, na kila mtu anajua nani alikuwa chini ya mlingoti siku hiyo. Mikono yote ikapanda. Mkono wa Elieza pia, ingawa alisema baadaye kwamba ulikuwa umevimba na haukuteremka.

Mwenyekiti mpya wa Kamati ya Maji: Theodora Lugembe.

Alinipaka asali kwenye jicho. Ya kwangu mwenyewe, kutoka panga la chini.

Jumamosi, 5 Oktoba

Wiki moja imepita. Kwa haki ya historia niandike ukweli wote.

Bundala amewahamisha nyuki kwenye mizinga ya miti, Festo ameosha mapanga kwa maji ya moto na kupaka grisi. Kiti changu kimepelekwa chini ya mlingoti. Theodora anakikalia tangu saa mbili, ungo mikononi, kamba kwenye dole gumba. Wengine wanampokea kwa zamu, jirani yetu Mama Paskazia na akina mama wengine, kila mmoja na ungo wake, kila mmoja na shingo yake. Hakuna kengele. Hakuna bendera. Tangi limejaa tangu Jumatano. Linamwagika! Hakuna aliyekwenda bwawani wiki hii, na jana nilimwona Theodora anainama kuokota ungo bila kushika goti. Nilifurahi sana. Nilijifanya natafuta kalamu.

Mapanga hayajavunjika, hayajapinda, hayajatikisika. Vibawa vyangu ni ushindi kamili. Kanuni zangu pia, kwa kuwa bila uvunjaji wake watu wasingejua umuhimu wake. Nimemweleza Mwenyekiti. Alisema, sawa, Baba Agnetha, pisha kivuli.

Mimi na Elieza tumepewa benchi pembeni. Tunaandika pepo zinapokwisha kupita. Tumefika Upepo Namba Mia Tatu na Sita. Magharibi ina safu yake. Kazi inakwenda vizuri, maana sasa hakuna anayetuharakisha.

Lakini leo asubuhi nimeona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Nilimtazama Theodora kwa saa mbili mfululizo. Upepo ukija ghafla, ungo unainama. Ukitulia, unarudi. Mzigo wote wa upepo ule, makumi ya mara kwa siku, unabebwa na vifundo viwili vya mikono ya mwanamke wa miaka sitini na mitatu! Bila ulinzi wowote! Nilimwomba nikauchunguza ungo. Mviringo mzuri, umesukwa vizuri, ukingo wa nyuma mzima.

Hauna kibawa hata kimoja.

Nimekwisha kumwita Festo. Elieza anarudi kwenye kichuguu Jumatatu, na bendera mpya.